Maradhi ya Khofu na Fazaa, na Tiba ya Kuisahihisha Fikra

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo lahusu maradhi yasiyoonekana kwa macho wala yasiyotoa damu, na juu ya hivyo yamewafungia watu wengi ndani ya nyumba zao, yamewavunjia wengine biashara zao, na yamewazuilia wengine hata sala ya jamaa na safari ya kwenda kuwatazama wazazi wao. Maradhi hayo ni khofu inayomshika mtu mzima pasipo sababu ya kutosha, ikamganda mwezi baada ya mwezi na mwaka baada ya mwaka. Twaandika kwa sababu katika miji yetu ya pwani mwenye maradhi haya hupewa majina mengi wala hapewi dawa. Huyu husema ana jini, yule husema imani yake ni dhaifu, na wa tatu husema ajifanya tu. Na hali tiba iko, imejaribiwa, na faida yake imepimwa. Hilo ndilo tutakalo kulibainisha.

KHOFU NJEMA NA KHOFU YA MARADHI

Khofu yenyewe si ugonjwa. Mwenyezi Mungu amemuumbia mwanadamu khofu kama alivyomuumbia maumivu, ili ajilinde. Mtu akiona nyoka njiani moyo humpiga mbio, pumzi humwenda upesi, misuli hukaza na jasho humtoka. Mwili humwaga katika damu kichocheo kiitwacho adrenalini, apate nguvu za kukimbia au kupigana. Nyoka akiisha kwenda zake, mwili hutulia. Khofu ya namna hii ni mlinzi wa nyumba.

Maradhi ni pale mlinzi apigapo ukelele usiku kucha na mwizi hayupo. Wataalamu wameyagawa maradhi haya mafungu, na makubwa yake ni haya:

1. Wasiwasi wa daima. Mtu huhangaika juu ya kila jambo, mali, watoto, afya na kazi, siku nyingi kuliko siku chache, kwa muda wa miezi sita au zaidi, hata usingizi ukamruka.

2. Fazaa. Ni khofu inayomvamia mtu ghafla na kufika kileleni kwa dakika chache, akadhani afa au aingiwa na wazimu. Kisha huishi akiichelea fazaa nyingine.

3. Khofu ya kutazamwa na watu. Hii si haya iliyo sifa njema, bali ni kuogopa hata kula, kusema au kutia sahihi mbele ya watu.

4. Khofu ya mahala ambapo kutoka ni kuzito, kama feri, gari lililojaa au soko.

5. Khofu ya kitu makhsusi, kama paka, sindano au ghorofa ndefu.

Wala mtu asidhani kuwa ni yeye peke yake aliyepatwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya namna hii, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

JINSI KHOFU INAVYOJILISHA

Ili mambo yafahamike, tuchukue mfano mmoja. Mtu wetu akaa Likoni, naye ni fundi wa kushona mwenye duka mjini Mombasa. Tumwite Fundi, naye ni mtu wa mfano tu.

Asubuhi moja Fundi yuko ndani ya feri. Usiku hakulala vyema, amekunywa kahawa tungu vikombe vitatu, jua ni kali na watu wamebanana. Moyo wampiga kwa nguvu. Hapo humpitia fikra moja: “Moyo wangu wataka kusimama, nafa!” Basi fikra hiyo kwa mwili ni khabari ya khatari, nao huitika kama ulivyoitika kwa nyoka. Adrenalini humwagika, moyo huzidi mbio, na pumzi huenda upesi upesi. Mtu akipumua upesi kupita haja, hewa ya kaboni hupungua katika damu, na kwa sababu hiyo kichwa humzunguka na vidole hufa ganzi. Fundi aonapo kizunguzungu na ganzi hupata yakini kuwa kweli afa, na yakini hiyo huongeza khofu, na khofu huongeza dalili. Ni duara isiyo na mlango. Mtaalamu wa Uingereza, David M. Clark, aliieleza duara hii kwa ubainifu mwaka 1986.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na twawaomba wasomaji wetu walizingatie, kwani ndilo kiini cha somo. Feri ilifika ng’ambo, Fundi akatoka mbio, na moyo ukatulia. Siku ya pili akavuka pamoja na ndugu yake. Siku ya tatu akabeba chupa ya maji. Baadaye akawa hasimami ila karibu na pa kutokea, kisha akawa havuki saa za watu wengi, na mwisho akawa havuki kabisa. Kila alipoepuka alipata raha, na raha hiyo ndiyo chambo. Kwani kila aliposalimika alisema: “Nimesalimika kwa sababu ndugu yangu alikuwapo,” au “kwa sababu ya maji.” Hakupata hata siku moja kujua kwamba angalisalimika vivyo hivyo pasi na ndugu wala maji. Kuikimbia khofu ndiko kunakoilisha, na kila siku inayopita hupata chakula chake ikanenepa.

TIBA YENYEWE

Tiba tunayoitaja huitwa tiba ya fikra na mwenendo, maana hushughulika na mambo mawili: fikra inayoiwasha khofu, na mwenendo wa kukimbia unaoihifadhi. Haianzi kwa kuchimbua utoto wa mtu, wala si mazungumzo yasiyo na mwisho. Miongozo ya afya iliyotolewa Uingereza mwaka 2011 yaagiza kwa wasiwasi wa daima vikao 12 mpaka 15, kila kimoja saa moja kwa wiki, na kwa fazaa jumla ya saa 7 mpaka 14 tu. Baina ya vikao mgonjwa hupewa kazi ya kufanya nyumbani, kama mwanafunzi wa chuoni anavyopewa ubao wake. Asiyefanya kazi hiyo faida yake huwa chache.

Hatua ya kwanza ni kumpeleka Fundi kwa daktari, ajulikane kuwa moyo wake ni mzima, damu yake si pungufu na tezi ya shingo haina ila, kwani maradhi hayo nayo huupiga moyo mbio. Kadhalika huulizwa juu ya kahawa na miraa, ambazo huzidisha mapigo ya moyo na kuondoa usingizi.

Hatua ya pili ni kufahamishwa ile duara tuliyoieleza.

Hatua ya tatu ni daftari. Fundi huandika kila mara khofu imshikapo: alikuwa wapi, fikra gani ilimpitia, na aliiamini kwa kadiri gani katika mia. Kisha huleta ushahidi, wa kuiunga fikra na wa kuipinga, kama kadhi aletewavyo mashahidi wa pande mbili. Mtaalamu humuuliza: “Moyo umekupiga hivi mara ngapi?” Husema: “Labda mara arubaini.” “Na umesimama mara ngapi?” Hapa mtaalamu hamdanganyi mgonjwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 250 wakafa, na hakuna haki ya kumwambia Fundi kwamba bahari haina khatari. Atakiwalo ni kuipima khatari kwa kipimo chake, wala si kuikana. Maelfu ya watu huvuka kivuko kile kila siku wakafika, na mapigo ya moyo wa mtu hayaizamishi feri.

Hatua ya nne ni kujaribu. Mbele ya mtaalamu Fundi hupumua upesi kwa makusudi muda wa dakika moja, au hupanda ngazi mbio, na dalili zile zile humjia. Hapo huona kwa macho yake kuwa kizunguzungu ni mtoto wa pumzi, si mjumbe wa mauti.

Hatua ya tano, nayo ndiyo nguzo, ni kuikabili khofu daraja baada ya daraja. Kwanza Fundi husimama gatini nusu saa akitazama feri bila ya kupanda. Akiisha kuzoea, huvuka na ndugu yake saa za watu wachache. Kisha ndugu hutangulia akamngoja ng’ambo. Kisha huvuka peke yake, na chupa ya maji ameiacha nyumbani. Mwisho huvuka asubuhi ya watu wengi, akasimama katikati, mbali na pa kutokea. Kila daraja hurejewa mara nyingi. Kabla ya kupanda huandika analolitaraji: “Nitazimia.” Akishuka huandika lililotokea. Na sharti moja ni kuwa asikimbie khofu ingali kileleni, kwani khofu kama wimbi hupanda, na aliyesimama huiona ikishuka, lakini aliyekimbia huchukua kumbukumbu ya kilele tu.

FAIDA YAKE IMEPIMWAJE?

Mwenye akili hakubali dawa kwa kusifiwa na muuzaji. Maradhi mengi hupungua yenyewe, na mtu aliyesikizwa kwa upole hupata nafuu hata kama hakupewa kitu. Kwa hiyo wataalamu hugawanya wagonjwa kwa kura. Kundi moja hupewa tiba, na jingine hupewa kitu kinachofanana nayo kwa sura, kama kidonge kisicho na dawa ndani yake, au mazungumzo ya kuliwaza tu. Kisha makundi hulinganishwa.

Mwaka 2000 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 312 wa fazaa. Tiba hii na vidonge vya imipramini vyote viwili vilishinda kidonge kitupu. Lakini matibabu yalipokwisha kusimamishwa, waliotibiwa kwa fikra na mwenendo walibaki na nafuu zaidi kuliko waliotegemea vidonge. Mwaka 2018 zilikusanywa tafiti 41 za namna hii, zenye wagonjwa 2,843, na hukumu ikawa kuwa tiba hii yashinda tiba ya mfano kwa kadiri ya wastani. Mwaka 2020 zilikusanywa tafiti nyingine 69, zenye watu 4,118, na faida ikaonekana kwa mengi ya maradhi haya hata miezi 12 baada ya tiba kwisha. Baada ya muda huo ushahidi ni mchache.

Wala hatutaki kuipamba kupita haki yake. Mkusanyo wa tafiti 87 uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika kila wagonjwa wawili, karibu mmoja hupata nafuu ya kuhesabika. Basi wako wasiopona, wako waliopona nusu, na wako waliorudiwa. Hao wana njia nyingine, zikiwemo dawa za daktari, na wengine huhitaji zote mbili. Lakini nusu ya watu waliofungiwa nyumbani kwa khofu wakitoka na kurudi kazini, hilo si jambo dogo. Kwa sababu ya ushahidi huu serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafunza maelfu ya wataalamu na kuitoa tiba hii bila malipo kwa watu wa kawaida, na mpango huo wangali waendelea.

Pengine msomaji atasema: “Hayo ni ya nchi tajiri.” Basi na aangalie hapa petu Kenya. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Nairobi kwa wanawake 421 waliokuwa katika dhiki ya nafsi, wengi wao wamepata kudhulumiwa. Walifunzwa kwa vikao vitano njia nyepesi zenye asili moja na tiba hii: kutuliza pumzi, kuyakabili matatizo moja moja, na kuyarudia mambo waliyoyaacha. Waliowafunza hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya wa mitaani waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilipungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Hii ni dalili kwamba elimu hii yaweza kufika hata pasipo na daktari bingwa.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Je, hii si elimu ya wageni isiyotuhusu sisi?

Jawabu: Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa katika nchi ya Balkh, ambayo leo ni Afghanistan, na kufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu Masalih al-Abdan wal-Anfus, maana yake maslahi ya miili na nafsi. Katika sehemu ya nafsi alitaja ghadhabu, khofu na fazaa, huzuni, na wasiwasi, akaueleza utibabu wa kila kimoja. Alifunza kuwa kama vile mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, vivyo hivyo na aweke akiba ya fikra nzuri wakati nafsi imetulia, apate kuzipambanisha na fikra mbovu wakati wa shida. Na juu ya khofu alifunza kuizoesha nafsi kile inachokiogopa mpaka ikizoee. Nuskha ya mkono ya kitabu hiki imehifadhiwa Istanbul, na mwaka 2013 sehemu ya nafsi ilitolewa kwa Kiingereza na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan aliyefariki mwaka 2021. Wanavyuoni wa karne ya 20, kama Joseph Wolpe na Aaron Beck, waliifikia njia hii kwa majaribio yao wenyewe, wakaipanga na kuipima kwa namna isiyopata kupimwa kabla yao. Haki ni kumpa kila mtu sehemu yake.

Suali: Je, khofu hii si dalili ya imani dhaifu?

Jawabu: Mwenye homa hatumwambii kuwa imani yake ni dhaifu. Kumlaumu mgonjwa kwa ugonjwa wake ni kumwongezea mzigo wa pili, na wengi hujificha kwa sababu ya lawama hiyo. Na kujitibu hakupingi kumtegemea Mungu, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kutafuta dawa.

Suali: Je, hirizi na kupunga pepo havifai? Mbona wako waliosema wamepoa?

Jawabu: Ghaibu hatuikani, lakini si kila moyo upigao mbio umepigwa na jini. Tuache hukumu yake katika dini, ambayo tumekwisha kuisema mara nyingi, tulitazame jambo hili kwa jicho la utibabu tu. Hirizi mfukoni ni sawasawa na ile chupa ya maji ya Fundi. Aliyeivaa akisalimika husema: “Hirizi imenisalimisha,” na siku akiisahau nyumbani fazaa humjia maradufu. Raha aliyoipata ni ya kukodi. Hata nyiradi za halali zisigeuzwe chupa ya maji. Mtu na amtaje Mola wake kwa ibada na mapenzi, kwa nyakati zake, wala asiufanye uradi kuwa kipimo cha kuangalia kama moyo umetulia au haujatulia.

Suali: Na anayerejea udhu mara kumi kwa shaka?

Jawabu: Hayo ni wasiwasi wa namna nyingine, na siku hizi wataalamu wameyawekea mlango wake mbali na maradhi ya khofu, lakini tiba yake ni jamaa ya hii. Mafakihi wetu wamekwisha kutupa kanuni, nayo ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mwenye maradhi hayo huamrishwa kuosha kama watu wengine, kisha asirejee, ingawa nafsi yamsukuma. Mtaalamu wa leo naye humwamrisha lilo hilo.

NASAHA KWA WATU WA NYUMBANI

Mama, mke, mume au ndugu humhurumia mgonjwa, akamvukia, akamnunulia, akamjibia wageni, akamwambia mara ishirini kwa siku: “Huna kitu.” Nia ni njema, lakini huruma hii nayo huilisha khofu. Msimkemee wala msimcheke. Mfuateni daraja kwa daraja, na msaada wenu mpunguze kidogo kidogo kama alivyokubaliana na mtaalamu wake. Akivuka daraja dogo, mpongezeni kama aliyetoka safarini.

Anayetaka tiba hii na aanze katika hospitali ya serikali iliyo karibu naye, aulize idara ya afya ya akili, na amuulize mtaalamu waziwazi: “Je, utanifunza kuikabili khofu yangu, na kunipa kazi ya nyumbani?” Anayetumia vidonge vya kutuliza, kama diazepamu, asiviache ghafla kwa kusoma makala haya, kwani kuacha ghafla kuna khatari, bali apunguze kwa amri ya daktari. Na aliyefikiwa na mawazo ya kujitoa uhai, jamaa zake wasingoje kesho, wampeleke hospitali saa hiyo hiyo wala wasimwache peke yake.

MUKHTASARI WA SOMO

Wanafunzi wa darsa na wayahifadhi mambo manne. Kwanza, khofu hii ni maradhi, si aibu. Pili, hulishwa na fikra isiyopimwa na mwenendo wa kukimbia. Tatu, tiba yake ni kuipima fikra kwa ushahidi na kurudi mahala palipokimbiwa, daraja kwa daraja. Nne, tiba hii imejaribiwa kwa maelfu ya watu ikafaa wengi, wala haikufaa wote. Katika kikao kijacho kila mmoja na aje na jawabu ya suali hili: katika nyumba yetu au mtaa wetu, ni nani aliyeacha kutoka, na sisi tumemsaidia kutoka au tumemsaidia kubaki ndani?

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatulize wenye khofu, na atupe sisi sote akili ya kuifuata njia iliyo na faida. Wabillahi taufiq.